Kijiko Kwenye Ukurasa wa Kifafa

Kimisagara, Kigali
4 Februari 2024

Shangazi Flaviana,

Shikamoo. Marahaba yako nimeshaisikia hadi huku, kwa hiyo tuendelee. Mimi mzima, mashavu yanajaa, na mama mwenye nyumba ameacha kuniita "wewe Mtanzania". Sasa ananiita Castory, ila analitamka kama jina la dawa ya kikohozi. Babu Fortunatus hajambo? Bado anagombana na redio? Na yule ng'ombe aliyenipiga teke mwaka juzi, mwambie mjini nimekuwa mtu mkubwa, tusameheane.

Sasa kaa chini. Umekaa? Mwanao amekuwa mwalimu wa madaktari.

Usicheke. Najua nimeishia kidato cha pili, na najua Rulenge nzima inajua. Lakini sikiliza. Kwenye kile chuo cha udaktari, kilichonitoa kwenye kibanda cha ufundi simu ili niwatunzie kompyuta na waya za intaneti, kuna daktari mmoja mama, anaitwa Gahongayire. Mfupi, sauti ndogo, ila akiingia darasani hata feni inapunguza kelele. Anawafundisha wanafunzi kazi moja ya ajabu: kurekebisha makala za afya kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaisoma bure na mtu yeyote anaweza kuiandika. Anasema watu wanaisoma kabla ya kumwona nesi, na wengine kwa nesi hawafiki kabisa. Kwa hiyo ikiandika uongo, uongo huo ndio daktari wao.

Kila mwanafunzi anapewa ugonjwa wake. Anasoma vitabu, anaandika, na kila sentensi anaiwekea rejea, yaani anaonyesha ameitoa kitabu gani. Isiyo na rejea Daktari anaifuta, hata kama umesema jua linatoka mashariki. Wengine wanaandika Kinyarwanda, wengine Kiingereza, wengine Kiswahili, na hapo kwenye Kiswahili ndipo nilipoingia. Nilikuwa chini ya meza nafunga waya. Kijana mmoja anaitwa Hirwa akasimama kusoma makala yake ya kuhara: "Mgonjwa iko na upungufu wa maji, iko lazima kufanyiwa urejeshaji wa viowevu kwa njia ya kinywa."

Nilicheka mpaka nikagonga kichwa.

"Wewe uliye chini ya meza," Daktari akasema, "unacheka nini?"

"Daktari, shangazi yangu amekuwa nesi miaka karibu arobaini, hajawahi kumwambia mtu maneno hayo. Yeye husema: mnyweshe dawa ya maji, kidogo kidogo, na akitapika subiri kidogo umnyweshe tena."

Daktari akamgeukia Hirwa. "Andika hivyo. Halafu utafute rejea."

Tangu siku hiyo nina kiti changu, cha tatu mstari wa mbele. Kila makala ya Kiswahili inasomwa mbele yangu. Nisipoielewa, inarudi kwa mwenyewe. Watu wana miaka minne chuoni wananitazama usoni kuona kama nimekunja uso! Hirwa ananiita Profesa Pengo kwa ajili ya hili pengo la mbele. Nimemwambia jino nilimwachia ng'ombe.

Naambatanisha simu. Nimeitengeneza mwenyewe, kioo kipya, anakuletea Kamau, yule dereva wa lori Mkenya anayepitia mpaka wa Rusumo. Kamusi elezo nimekuwekea mbele kabisa. Juu ya kila ukurasa kuna neno Hariri. Ukilibonyeza unaandika na dunia nzima inasoma, na unaweza kujiandikisha kwa jina lolote. Barua sasa basi, nitakuwa napiga.

Mwalimu wa madaktari,
Castory


Rulenge, Ngara
25 Februari 2024

Mwanangu Castory,

Marahaba. Hapa tunaendelea vizuri. Babu yako anakula, redio imekufa, kwa hiyo sasa anagombana na mimi. Ng'ombe wako amezaa dume. Upepo umeangusha migomba minne ya nyuma, lakini ndizi zake zilikuwa zimekomaa, tumegawia majirani.

Simu nimeipokea, asante. Kamau alikunywa chai vikombe vitatu akikusifu mpaka nikaona aibu. Nimefurahi kuhusu kiti chako. Nimefurahi kuliko nitakavyoandika hapa.

Ila barua hutaacha. Kwenye simu unanichekesha, nasahau nilichotaka kuuliza. Kwenye karatasi nauona mkono wako. Nimeusoma mwandiko wako tangu darasa la kwanza, na nimeusoma kwa makini zaidi tangu yale mambo yalipoanza. Barua yako ya juzi herufi zimesimama vizuri mpaka kwenye ng'ombe. Kuanzia "naambatanisha simu" herufi zimelala na mstari unapanda mlima. Hapo katikati ulianguka, Castory. Ukamalizia barua kichwa kikiwa bado kizito.

Unameza vidonge? Nijibu ndiyo au hapana, usiniletee hadithi.

Na hapo chuoni wanajua? Kama hawajui, mimi sikwambii uwaambie. Unakumbuka shuleni ilivyokuwa. Ulianguka mara moja tu mstarini, kesho yake dawati lote likawa lako peke yako. Lakini usipande ngazi, na usipike ukiwa peke yako.

Shangazi yako


Kimisagara
17 Machi 2024

Shangazi, daktari wa miandiko,

Shikamoo. Hongera kwa dume. Aitwe Hirwa. Mwambie Babu redio ailete kwa Kamau, mimi naifufua kwa dakika ishirini, na nikishindwa basi hata fundi wa ikulu hawezi. Jana kulikuwa na baridi, nimevaa lile sweta ulilofuma, wenzangu wanadhani limetoka Ulaya.

Swali lako nitalijibu chini, nikichoka kukwepa.

Mwezi huu Daktari amegawa magonjwa upya. Hirwa kapewa kifafa. Ndiyo, kifafa. Sikuwa na mahali pa kuangalia, nikaangalia feni. Makala ya Kiswahili ilikuwepo tayari, aliiandika mtu miaka mingi nyuma, mistari tisa tu. Hirwa akaisoma yote ili tusikie ubaya wake. Mstari wa nne: povu la mgonjwa huambukiza. Mstari wa saba: mgonjwa atiwe kijiko mdomoni asimeze ulimi.

Ule wa povu akaufuta papo hapo. "Uongo mtupu," akasema, "hakuna kitabu hata kimoja." Ule wa kijiko akauacha. Akasema unaonekana una maana.

"Huo nao uondoke," nikasema.

"Kwa nini, Profesa?"

"Unavunja meno."

"Nani amekwambia?"

Shangazi, nilikuwa na jibu hapa, kwenye ulimi wangu huu mzima. Nikasema, "Nimesikia mahali."

"Kusikia si rejea," Daktari akasema. "Hirwa, wiki moja. Ulete kitabu kinachosema kijiko kiwepo, au kinachosema kisiwepo."

Wiki ikaisha, Hirwa akaja na miongozo mitatu. Yote ya miaka ya karibuni, yote inasema kitu kimoja. Usitie chochote mdomoni. Ulimi haumezwi, hauna pa kwenda. Ondoa vitu vigumu karibu yake, weka kitu laini chini ya kichwa, usimbane, angalia saa. Mtikisiko ukiisha, mlaze ubavu. Ukipita dakika tano, mpeleke hospitali. Kijiko kikafutwa Jumatano saa nne asubuhi, nilikuwa nimekaa kiti changu cha tatu.

Sijakuuliza kitu, Shangazi. Nakupa habari tu.

Haya, nimechoka kukwepa. Hapana. Vidonge viliisha kabla ya Krismasi. Kwenye kituo cha afya hapa Kimisagara, mapokezi anakaa Hirwa, yuko kwenye mafunzo ya vitendo. Nikimpa kadi yangu anaona nimeandikiwa nini, na kesho yake Profesa Pengo ni mgonjwa wa mfano darasani. Wakijua wananitoa. Si shule ilinitoa? Ngazi napanda, ndiyo kazi yenyewe, waya zinapita juu ya dari. Nimeanguka mara tatu tangu Januari, zote nikiwa chumbani, zote nikiwa peke yangu. Na wewe uliye mbali ndiye peke yako uliyeona.

Castory


Rulenge
14 Aprili 2024

Castory,

Marahaba. Babu yako ana mafua. Mvua zimechelewa kidogo ila zimekuja.

Mara tatu. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni na sijaweza kukaa. Tafuta kituo kingine. Mji mzima hauna kituo kimoja tu. Panda basi uende Batsinda, uende Gahanga, uende popote asipokaa huyo Hirwa, lakini uende.

Kuhusu kijiko. Nilisoma chuo cha wauguzi mwaka 1983, na tulifundishwa na watu waliokuwa wameuguza kabla baba za hao wanafunzi wako hawajaoa. Tulifundishwa kijiko kilichozungushiwa kitambaa. Ilikuwa kwenye mtihani. Mtu anayetapatapa anaweza kujing'ata vibaya, nimeona damu. Jino ni jino, lakini ulimi hauna wa akiba. Watoto wa juzi wanaweza kufuta kwenye kompyuta. Hawakuwepo chumbani.

Swali dogo. Hilo neno Hariri, kweli mtu yeyote anaweza kulibonyeza? Hata asiye na digrii? Na rejea lazima iwe ya kitabu kipya, au cha zamani nacho kinakubaliwa?

Ni kutaka kujua tu.

Shangazi


Kimisagara
12 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Babu apone haraka, mtu akiwa na mafua hawezi kugombana vizuri. Mwezi wa nne mji huu ulikuwa kimya, unajua mwenyewe, ile wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari, darasa lilisimama, nikachelewa kukuandikia. Sasa tumerudi, na nina habari hadi mfukoni.

Kwanza jibu lako. Ndiyo, mtu yeyote anaweza kuhariri. Kitabu cha zamani kinakubaliwa, ila kikishapitwa na kipya, kipya ndicho kinachosimama.

Pili. Tulipofungua ukurasa wa kifafa baada ya ile likizo, kijiko kimerudi! Kimekaa mstari wa saba kana kwamba hakijawahi kuondoka, tena na rejea: kijitabu cha mafunzo ya wauguzi, chapa ya 1981, ukurasa wa thelathini na moja. Aliyekirudisha amejiandikisha kwa jina la Mhudumu wa Zamani. Hirwa akakifuta. Kesho yake kimerudi. Akakifuta tena. Kimerudi, na safari hii mwenyewe ameacha neno kwenye sehemu ya muhtasari, pale unapoeleza ulichobadilisha: "Kijiko kibaki. Ulimi hauna wa akiba."

Sijui ni nani, Shangazi. Dunia ni kubwa.

Darasa likacheka. Hirwa yeye amechoka. Akasema, "Sawa, rejea anayo. Tuandike tu kwamba wengine hushauri kijiko, wengine hawashauri. Msomaji atachagua."

Sasa nisikilize, maana hapa sijui ni nini kilinisimamisha. Nilimwona msomaji mwenyewe. Nilimwona yuko jikoni, kuna mtu chini anatikisika, ana simu mkono mmoja, na kijiko kiko hapo karibu kwenye sufuria. Achague nini?

Nikasimama. Nikafungua mdomo wangu hivi, nikaunyooshea kidole.

"Hii hapa rejea yenu."

"Profesa, si ulisema ng'ombe?"

"Nilidanganya. Nina kifafa. Nilitiwa kijiko cha kukorogea uji nikiwa na miaka kumi na tatu, kikaondoka na jino. Na ulimi ninao, mnausikia kila siku mpaka mnachoka."

Nikawa nahesabu ni wangapi watahama viti. Hakuhama mtu. Kwa kweli nilikasirika kidogo, nilikuwa nimeshajiandaa.

Unajua Daktari Gahongayire alisema nini? Akavua miwani akasema, "Asante, Castory. Lakini haiwezi kuingia. Wewe si chanzo kilichochapishwa."

Shangazi! Nimevua nguo mbele ya watu ishirini na wawili, naambiwa nilete rejea! Nikamwambia, "Daktari, basi nimejiaibisha bure."

"Si bure," akasema. "Makala haikukuhitaji, ina miongozo mitatu mipya inayoshinda kijitabu cha 1981. Hirwa ndiye aliyekuhitaji. Mwakani ataanza kushika wagonjwa."

Hirwa alikuwa amekuwa mwekundu kama tofali. Tulipotoka akanifuata hadi ngazini.

"Kumbe ndiyo maana huji kituoni. Kwa sababu mimi niko pale."

"Ndiyo maana."

Akafikiri. "Jumanne saa nne huwa nakwenda kunywa chai. Njoo saa nne. Sitakuwepo."

Nilikwenda saa tatu na nusu, nikamkuta, nikampa kadi mkononi. "Chai yako utakunywa baadaye," nikamwambia, "leo nihudumie." Walinipima, daktari wa pale akanianzishia dawa upya taratibu. Vidonge nameza asubuhi na jioni, wiki ya tatu hii. Sijaanguka. Na kazi sijafukuzwa! Daktari Gahongayire ameagiza kitu kimoja tu: nisipande ngazi. Anapanda Hirwa, mimi nashikilia chini na kumwelekeza. Anaogopa urefu vibaya sana. Anapanda amefumba macho akiniita kwa majina ya malaika.

Tatu, na ndiyo ya mwisho. Hirwa alitaka tumwandikie huyo Mhudumu maneno makali. Daktari akakataa. Kila makala ina ukurasa wa majadiliano, watu wanaobishana wanaandikiana pale kwa adabu. Akasema niandike mimi, kwa kuwa ndimi mwenye Kiswahili. Nakunukulia, ili uone kama nimekosea adabu mahali:

"Ndugu Mhudumu wa Zamani, shikamoo, nadhani umenizidi umri. Kijitabu chako kilikuwa sahihi kwa wakati wake, na waliokifuata walitaka kuokoa. Kuna mtu namfahamu alitiwa kijiko akapoteza jino. Hajamlaumu aliyekishika hata siku moja, kwa sababu wengine wote walikimbia nje na yeye peke yake alibaki chumbani. Lakini kijiko kiondoke. Kuna mtoto mahali ana meno yake yote."

Bado hajajibu.

Mwanao
Castory


Kimisagara
30 Juni 2024

Shangazi,

Shikamoo. Wiki saba. Kamau amepita kwako mara mbili, anasema umemnywesha chai, umemuuliza kama nimenenepa, na ulipofika wakati wa barua ukasema huna karatasi. Wewe! Mwenye daftari za zahanati kabati zima!

Mimi mzima, kagua mwandiko mwenyewe. Kwenye ukurasa wa kifafa kijiko kipo bado. Daktari ametuzuia kukigusa. Anasema tukiendelea kufuta na kurudisha inakuwa ugomvi wa watoto, tumpe mtu nafasi ajibu kwenye majadiliano, lakini mwisho wa Julai anakifuta mwenyewe.

Namwambia kila siku, Daktari, subiri. Huyo ni mtu mzima, anafikiri polepole.

Redio ya Babu imepona, inakuja na barua hii. Ilikuwa imejaa mende.

Castory


Rulenge
21 Julai 2024

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, na tena marahaba. Babu yako ameipokea redio kama mtoto aliyerudi vitani. Sote wazima. Karatasi nilikuwa nazo.

Unamkumbuka Leokadia, mtoto wa jirani yetu wa chini, yule wa darasa la sita anayeimba kwaya. Jumanne, wiki mbili zilizopita, mwalimu wao alikuja anakimbia, anahema, "Nesi, Nesi, mtoto ameanguka darasani, anatoa povu!" Kwa mazoea nikaingia jikoni. Nikachukua kijiko, nikakizungushia kitambaa njiani. Huo ndio mkono wangu, Castory, umefundishwa miaka arobaini iliyopita na hauulizi.

Nilikuta darasa limekuwa tupu, watoto wote dirishani. Amelala kati ya madawati. Nikapiga magoti, na kijiko nimekishika. Akawa amefungua mdomo kidogo. Ana meno mazuri sana yule mtoto. Yote yapo.

Niliyasoma maneno yako ya kwenye majadiliano siku ileile uliyoyaandika, kabla barua haijafika. Nimeyasoma kila siku tangu hapo. Kijiko nikakitupa chini, mwalimu akakiokota akanirudishia, akidhani kimeniponyoka! Nikamwambia, "Kaa nacho wewe, mimi nipe saa yako." Nikasogeza madawati, nikaweka khanga yangu chini ya kichwa chake, nikasubiri. Hakuna kazi ngumu kama kusubiri mikono ikiwa mitupu. Dakika mbili na nusu. Nikamlaza ubavu. Alipofumbua macho aliuliza kandambili yake moja iko wapi.

Ulimi wake mzima. Aliung'ata kidogo pembeni, umeshapona.

Mwalimu mkuu akaja na karatasi. Ni huyu huyu wa wakati wako, amehamia shule ya msingi. Barua ya kumpumzisha mtoto nyumbani mpaka apone, mzazi atie sahihi, wenzake wasiambukizwe. Mama yake Leokadia alikuwa ameshashika kalamu. Nikatoa simu yako nikamsomea: kifafa hakiambukizi, mtoto mwenye kifafa anaweza kusoma kama wenzake. Akauliza, "Ameandika nani hayo?" Nikamwambia, "Mwanangu, pamoja na madaktari wa Kigali. Na kila mstari una rejea chini, soma mwenyewe." Alisoma muda mrefu. Akakunja karatasi yake. Jumatano Leokadia alikuwa darasani, na Ijumaa nikampeleka hospitali kuanza dawa.

Sasa niseme hili moja, kisha usiniulize tena. Miaka yote umeamini shule ilikutoa. Shule ilileta karatasi tu, kama hii. Aliyetia sahihi ni mimi. Niliona aibu, nikaona na lile pengo kila ukifungua mdomo, nikasema afadhali akae nyumbani nisione watu wanamwangalia. Nilikuwa nesi, nikatia sahihi. Na kijiko nilikirudisha kwenye kompyuta yenu mara tatu kwa sababu kikifutwa, basi mimi ndiye niliyekuvunja jino bila faida yoyote.

Nimebonyeza Hariri. Nilichoandika utakiona mwenyewe, sitakiandika mara mbili.

Ndani ya bahasha kuna fomu. Ni ya mtihani wa maarifa, wa watu wazima walioacha kidato cha pili. Unajiandaa huko huko, unakuja Ngara kuufanya. Nimejaza kila kitu. Mahali pa mlezi nimeshatia sahihi.

Shangazi yako
Flaviana


Kimisagara
4 Agosti 2024

Shangazi Flaviana, Mhudumu wa Zamani,

Shikamoo. Ulidhani sikujua? Hiyo "ulimi hauna wa akiba" nani mwingine duniani anaisema? Nilijua tangu siku ya kwanza, nikakaa kimya kama mtu mwenye heshima zake. Mara moja tu maishani, usizoee.

Barua yako imefika Alhamisi. Ijumaa tulikuwa na darasa, Daktari akafungua ukurasa ukutani, kwenye ile historia inayoonyesha nani amebadilisha nini. Kijiko hakipo. Juu kabisa kuna jina lako, na kwenye muhtasari umeandika: "Nimeondoa kijiko. Nilikosea. Jino lilikuwa la mwanangu."

Kisha Hirwa, ambaye hawezi kukaa kimya hata kanisani, akainua mkono. "Daktari, hiyo sentensi ya mwisho haina rejea."

Daktari Gahongayire hata kugeuka hakugeuka. Akasema, "Inayo. Imekaa kiti cha tatu."

Fomu nimeshaitia sahihi yangu. Hirwa ananifundisha hesabu kila Jumamosi, hata ile ya umuganda, tukishamaliza usafi wa mtaa, mimi namfundisha Kiswahili, na sote wawili tu wabaya kupindukia, kama wanafunzi na kama walimu. Nikifaulu nitakwambia nilijua tu. Nikifeli nitarudia, na hapo usiseme kitu.

Kuhusu ile sahihi ya zamani, umesema nisikuulize, sikuulizi. Ila dume liitwe Hirwa kweli, hilo sirudi nyuma.

Najua ukimaliza kusoma utaishika karatasi hii dirishani uikague. Kagua. Utaona mistari yote imesimama, isipokuwa mmoja, pale nilipoandika maneno yako ya kwenye muhtasari. Hapo herufi zimeyumba na kuna doa. Usiogope, Shangazi, na usihesabu vidonge. Sikuanguka.

Mwanao, mwenye ulimi mzima,
Castory